Dume mweusi wa mapokezi: uchambuzi wa kisa cha ugomvi wa samaki kwenye tangi la mchanganyiko

Kisa hiki kinatoka kwenye nyumba moja ya wageni jijini Mbeya. Mwenye nyumba hiyo ameridhia kiandikwe kwa sharti kwamba jina la nyumba, mtaa na watu visitajwe, na mambo madogo madogo ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha. Niliitwa huko kama fundi wa matangi ya samaki, na nimekichagua kwa sababu karibu kila kitu ambacho wafugaji wa samaki wa mapambo hukimbilia samaki wakianza kuumizana kilifanyika hapa, kimoja baada ya kingine: dawa, kumtoa mgomvi, kupanga mawe upya, kuongeza samaki. Vingine vilizidisha ugomvi, na katikati ya yote palipita majuma ya amani ambayo haikuwa amani.

## Tangi na waliokuwamo

Tangi lina urefu wa futi 4, upana na kimo futi moja na nusu, yaani karibu lita 240 likijaa. Limewekwa mapokezi, mkabala na mlango wa kuingilia. Mama mwenye nyumba alilinunua pamoja na samaki wake kwa mtu aliyekuwa akihama mkoa, akamkabidhi kijana wa mapokezi alitunze. Kijana hakuwa amewahi kufuga chochote, ila alikuwa na tabia moja nzuri: kila samaki aliyekufa alimwandika tarehe nyuma ya daftari la wageni. Ukurasa ule ulitufaa kuliko kipimo chochote nilichobeba.

Samaki walikuwa 14. Watano wa njano tupu (Labidochromis caeruleus), watatu wa njano wenye mistari myeusi (Melanochromis auratus), watatu wa buluu, samaki dhahabu wawili wenye mikia mirefu, na msafishaji mmoja, yule wa asili ya Amerika Kusini anayenyonya kioo. Wale 11 wa mwanzo wote ni mbuna, samaki wadogo wa miambani wa Ziwa Nyasa.

Mbuna wengi hula mwani unaoota juu ya mawe, na dume hushika kipande chake cha mwamba akakilinda, kwa sababu hapo ndipo penye chakula na ndipo majike wanapokuja kutaga. Jike akishataga hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi. Ziwani, dume aliyeshindwa huogelea mita chache akatafuta mwamba mwingine, na ugomvi umeisha. Ndani ya futi 4 hizo mita chache hazipo. Anayekimbizwa anafika kwenye kioo, anageuka, na anakutana na yuleyule aliyekuwa akimkimbiza.

Mpangilio wa ndani ulikuwa hivi: mawe yote yamerundikwa kona ya kulia ili kuficha hita na bomba la filta, na upande wa kushoto ukaachwa wazi, changarawe nyeupe na mmea mmoja wa plastiki. Kwa mgeni anayesubiri ufunguo wa chumba, ni mandhari ya kupendeza. Kwa mbuna, ni mtaa wenye nyumba moja.

## Machi hadi Julai: kabla sijaitwa

Machi na Aprili palikuwa shwari. Samaki walikuwa wadogo, sentimita tano hivi kila mmoja, na samaki wadogo hugombana kidogo tu.

Mwanzoni mwa Mei kijana aliona samaki asiyemjua: mweusi, mwenye mistari ya buluu iliyofifia ubavuni. Akawauliza wenzake nani kaongeza samaki. Hakuna aliyeongeza. Akahesabu, akakuta 14 vilevile, isipokuwa wale wa njano wenye mistari wamebaki wawili. Dume mmoja wa auratus alikuwa amepevuka na kushika utawala wa tangi, na dume wa aina hii akifika hapo hugeuka rangi: penye njano panakuwa peusi, na penye mistari myeusi panang'aa. Madume wenzake walio chini yake hubaki na njano ya ujana, rangi ileile ya majike. Ni kama mtu anayevua kofia akipita mbele ya mkubwa. Wanaonekana si tishio, na hivyo hawauawi, au angalau hawauawi haraka.

Wiki iliyofuata mikia ya samaki dhahabu ilianza kuchanika. Wa njano mmoja akafa. Wa buluu mmoja akawa haishi chini tena. Alikaa juu kabisa, amejibana nyuma ya waya wa hita. Kijana alipotazama mapezi yaliyochanika aliona utando mweupe pembeni mwa vidonda, akahitimisha ni ugonjwa. Hapa simlaumu. Utando ulikuwepo kweli, kwa sababu jeraha likikaa kwenye maji machafu hushikwa na ukungu. Ila ukungu ulifuata meno, haukutangulia. Alikwenda duka la dawa akanunua kapsuli za tetrasaiklini, zile za binadamu, akazifungua na kuzimwaga ndani ya tangi. Maji yakageuka kahawia na kutoa povu. Wakafa wawili zaidi, wa njano mmoja na samaki dhahabu mmoja.

Kisha ikaingia Juni, na ugomvi ukapungua. Dume mweusi alibaki kwenye mawe yake, wengine wakatulia. Nyumba nzima ikaamini dawa imefanya kazi, imechelewa tu. Amani ikadumu hadi katikati ya Julai, umeme ulipokatika usiku mmoja tangu saa nne hadi alfajiri, na asubuhi yule wa buluu wa nyuma ya waya akakutwa amekufa. Ndipo mama akanipigia. Walikuwa wamebaki 10.

## Nilichokikuta

Kabla ya kutia mkono kwenye maji nilikaa kwenye kiti cha wageni na karatasi. Nikachora tangi kwa juu, na kila samaki alipomkimbiza mwenzake nikachora mshale: unapoanzia na unapoishia. Nusu saa inatosha kwa tangi la ukubwa huo. Mtu akikuambia "samaki wangu wanapigana" hajakuambia kitu bado. Anayelinda mahali hushambulia kutokea mahali hapo na hurudi hapo. Anayegombea chakula hushambulia wakati wa kula tu. Dume anayetafuta jike humfuata mmoja, na huacha wengine wapite. Mishale inatofautisha haya bila maneno mengi.

Kwenye karatasi yangu karibu mishale yote ilianzia kona ya kulia. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni urefu wake: ilikuwa mifupi na ya uvivu. Dume anatoka, anasukuma, anarudi. Makovu niliyoyaona kwenye samaki waliobaki hayakuwa ya mpiganaji wa namna hiyo.

Kipimajoto kilitoa jibu. Kando ya hita, nyuma ya mawe, maji yalikuwa nyuzi 24. Upande wa kushoto, nyuzi 20. Chumba chenyewe asubuhi ile kilikuwa nyuzi 15, jambo la kawaida Mbeya mwezi Julai. Hita ilikuwa ya wati 100 tu, imezungukwa na mawe, na filta ilikuwa imeziba kiasi kwamba maji hayakuzunguka. Kwa hiyo dume alikuwa amekalia kona pekee yenye mawe, joto na mkondo wa filta kwa pamoja. Yeyote aliyetaka kupasha mwili alilazimika kupita mlangoni kwake.

Na hapo ndipo utulivu wa Juni ulipoeleweka. Mwili wa samaki hufuata joto la maji. Maji yakipoa, anakula kidogo, anaogelea kidogo, anapigana kidogo. Tetrasaiklini haikumtuliza yeyote. Samaki walikuwa wamepigwa na baridi.

Vipimo vingine kwa ufupi: amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki wenyewe, ilikuwepo, karibu miligramu 0.5 kwa lita, wakati kwenye tangi lililokomaa haipaswi kuonekana kabisa. pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ilikuwa 7.0, na maji yalikuwa laini, yenye madini kidogo. Sponji ya filta ilikuwa ikioshwa kwa maji ya bomba yenye klorini, na juu yake ikaja dawa ya kuua bakteria, kwa hiyo bakteria wale wanaokula amonia walikuwa wamepunguzwa mara mbili.

## Maamuzi, na sababu zake

Mama alikuwa na uamuzi wake tayari. "Fundi, mimi nimekuitia huyo mweusi tu. Mkamate, Jumamosi nina gari inashuka Kyela, dereva akamwachie pale Matema. Ni kwao."

Ni wazo ambalo nimelisikia kwa wengi, na linatoka kwenye huruma, kwa hiyo nilikaa nalo zaidi ya alivyotaka. Si kwao. Ziwa Nyasa ni moja kwa jina, lakini mbuna hawatembei. Maji ya kina na fukwe za mchanga zinawatenga kama bahari inavyotenga visiwa, na kila mwamba una watu wake. Auratus asili yake ni kusini mwa ziwa, upande wa Malawi, mamia ya kilomita kutoka Matema, iliyo ncha ya kaskazini ya ziwa. Huko Malawi kipo kisiwa cha Thumbi West, karibu na Cape Maclear, ambako wafanyabiashara wa samaki wa mapambo waliwaachia mbuna waliotoka sehemu nyingine za ziwa. Baadhi walistawi, na wengine wakazaliana na wenyeji hadi wakapatikana machotara. Ukiongeza kwamba samaki wetu ametoka kwenye tangi lililopita dawa na magonjwa, kumwachia chini ya Milima ya Livingstone ni kuwapelekea wenyeji mgeni asiyealikwa na mzigo wake. Mama alinyamaza, kisha akauliza kama basi tumkaange. Tulikubaliana asubiri.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kushughulika na maji kabla ya ugomvi. Samaki aliyechomwa na amonia hawezi kukimbia wala kupona, na hatua zote nyingine zingewasumbua zaidi. Tukabadilisha robo ya maji, tukarudia kila baada ya siku chache, kwa maji yaliyolazwa kwenye ndoo usiku kucha na kupashwa kidogo. Sponji ikaoshwa ndani ya maji yaliyotolewa tangini, si bombani. Chakula kikapunguzwa. Nilitaka pia kupandisha pH, kwa sababu mbuna wamezoea maji magumu yenye pH ya 8 hivi, lakini nililiahirisha kwa makusudi: pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile yenye sumu kali. Mtu anayemwaga chokaa kwenye tangi lenye amonia anaweza kuua samaki wote kwa nia njema. Vipande vya marumaru ya Songwe, ambayo ni mawe ya chokaa na hutoa povu ukiyadondoshea siki, viliingia baadaye, amonia ilipokwisha.

Samaki dhahabu aliyebaki aliondoka siku ileile. Huyu si wa maji ya nyuzi 25, haogelei kwa kasi, na mkia wake mrefu ni mwaliko kwa mbuna. Sasa yuko kwenye karo la saruji bustanini kwa jirani, bila hita, na baridi ya Mbeya haimsumbui. Kama mtu wa nyanda za juu ananiuliza aanze na samaki gani, namwambia huyo, ila awekwe na wa aina yake tu.

Kisha joto. Tukaweka hita mbili za wati 200, kila upande moja, tukaelekeza mdomo wa filta ili maji yazunguke tangi zima, na kupandisha nyuzi moja kwa siku hadi 25. Nilimwambia mama mapema kwamba ugomvi utaongezeka. Alinitazama kama mtu anayelipia kuharibiwa. Lakini hatukuwa na njia ya kuukwepa: kuwaacha kwenye nyuzi 20 ili wasipigane ni kuwaacha wafe polepole.

Uliongezeka kweli. Maji yalipofika nyuzi 24 pande zote, mishale ikawa mirefu, kutoka kona ya kulia hadi kioo cha kushoto. Auratus mmoja wa njano alitolewa magamba ubavuni. Wa buluu wawili wakakaa juu.

Mama akasema sasa huyo atoke, na safari hii nilikubali. Sababu ya kwanza ilikuwa usalama wa waliobaki. Ya pili, nilitaka yeye na kijana waone wenyewe kitakachofuata, maana maelezo yangu yalikuwa yameshachosha. Dume akahamishiwa kwenye beseni kubwa lenye pampu ya hewa na hita ya zamani, stoo. Siku za mwanzo tangi lilitulia. Kabla wiki mbili hazijaisha kijana alinipigia: "Kaka, mweusi amerudi." Alikwenda stoo kuhakikisha, akamkuta yule wa kwanza kwenye beseni lake. Aliyegeuka alikuwa yule wa pili, aliyekuwa akipigwa magamba. Kona ileile, mawe yaleyale, na kwa jinsi nilivyoona, mkali kidogo kuliko aliyemtangulia, kwa sababu alikuwa na mpinzani: dume wa buluu naye alikuwa ameanza kuitamani kona.

Baada ya hapo mama hakuzungumza tena habari ya samaki mbaya. Aliuliza, "Sasa kona hiyo ina nini?" Na hilo ndilo swali nililokuwa nikilisubiri.

## Kupanga upya

Tulifanya mambo matatu siku moja, na kuyafanya siku moja kulikuwa na maana yake.

La kwanza, tuliwaondoa auratus wote watatu. Sikupendekeza kubaki na hata mmoja. Ni samaki anayewezekana kwa mtu mwenye tangi la aina hiyo peke yake, dume mmoja na majike kadhaa, au tangi kubwa zaidi ya hili. Kwenye futi 4 la mchanganyiko, mbele ya wageni, hapana. Mfugaji mmoja wa Iringa mwenye tangi lake la mbuna wakali aliwachukua.

La pili, mawe yote yalitoka, na yakarudi kwa mpango mwingine: milundo miwili, kulia na kushoto, iliyopanda karibu na uso wa maji, na uwazi mwembamba katikati. Mawe hayakutosha, na mama hakutaka kununua mengine kwa bei ya duka la mapambo. Tukatumia vyungu. Kule Ikombe, karibu na Matema, akina mama wa Kikisi hufinyanga vyungu ambavyo hufika hadi masoko ya Mbeya, na vilivyopata ufa njiani huuzwa kwa bei ya kutupa. Tulichagua vidogo vya ukubwa wa ngumi mbili, tukavisugua bila sabuni, tukaviloweka siku kadhaa huku tukibadilisha maji, na kila kimoja nikakitoboa tundu la pili, kingo nikazisaga juu ya jiwe zisikate. Tundu la pili si urembo. Pango lenye mlango mmoja ni mtego; anayekimbilia humo hufuatwa na kumalizwa humo. Milango ikiwa miwili, anayefuatwa anaingia huku na kutokea kule, na mara nyingi mkimbizaji anampoteza.

Urefu wa milundo ulikuwa na kazi kubwa kuliko idadi ya mapango. Samaki aliyeko kulia hawezi tena kumwona wa kushoto, na asiyeonekana hakimbizwi. Kwenye mpangilio wa zamani, dume mmoja akiwa mlangoni kwake aliona tangi zima.

La tatu, tuliongeza samaki. Hili lilimshtua mama kuliko yote. Nilimweleza kwamba mbuna wakiwa wachache, mkubwa humchagua mnyonge mmoja na kumwandama hadi afe, halafu humchagua mwingine. Wakiwa wengi, hasira inagawanyika na hakuna anayepata kipigo cha kuua. Ni kweli kwa samaki hawa wa miambani. Si kweli kwa kila samaki, na mtu asiinukuu kwa samaki malaika au kwa beta.

Lakini kujaza tangi kuna gharama yake, na nyanda za juu gharama ni kubwa zaidi. Mbeya iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa joto lilelile, maji hapa hushika oksijeni pungufu karibu moja ya tano kuliko Dar es Salaam. Idadi ya samaki anayokwambia muuzaji wa Dar usiibebe nzima nzima hadi huku. Tukaongeza filta ya pili na pampu ya hewa yenye betri, na tukaishia kwenye 10 wadogo wa njano, ingawa mfugaji wa Pwani angeweka 20. Tulichagua njano kwa kuwa ndio wapole kuliko mbuna wengi, na kwa kuwa watatu wa zamani walikuwa wamevumilia yote.

Walikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam, kwenye mifuko yenye oksijeni ndani ya boksi la povu gumu lililofungwa kwa gundi ya karatasi, maana baridi ya kuanzia Mafinga hadi Makambako usiku huingia kila mahali. Mmoja alifika amekufa.

Waliingizwa jioni, taa imezimwa, wote kwa pamoja, muda mfupi baada ya mawe kupangwa. Ndiyo sababu ya kufanya yote siku moja. Wenyeji wakirudi na kukuta kona zao hazipo, nao wanakuwa wageni kama wageni wenyewe, na kwa siku mbili tatu kila mtu anatafuta pa kukaa badala ya kulinda alipo. Ukipanga mawe Jumatatu na kuleta samaki Jumamosi, umewapa wenyeji wiki nzima ya kugawana viwanja.

## Matokeo

Siku tatu za kwanza palikuwa na vurugu isiyo na mshindi. Kisha dume wa buluu akachukua chungu kimoja cha kulia, na dume wa njano akachukua upande wa kushoto. Wanakimbiza, na wataendelea kukimbiza. Niliporudi na karatasi yangu mwezi uliofuata, mishale ilikuwa mingi kuliko Julai. Lakini ilikuwa mifupi, ilianzia sehemu nyingi, na iliishia kwenye mpaka wa lundo la mawe. Hakuna aliyefuatwa hadi kioo cha upande wa pili. Hakuna aliyekaa juu kwenye kona. Mapezi yalikuwa mazima.

Wa njano mmoja mdogo alikufa mwezi wa pili baada ya kupanga upya, bila jeraha, tumbo limevimba. Nilishuku chakula, na kijana akakiri kwamba wageni humwaga vipande vya chapati na maandazi, na kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiwapa unga wa dagaa kila siku kwa kuwa wanaushangilia. Utumbo wa mbuna wengi ni mrefu, umeumbwa kwa mwani. Sasa wanapata chembe za chakula chao kidogo mara mbili kwa siku, pande zote mbili za tangi kwa wakati mmoja, na mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto mara moja au mbili kwa wiki. Kibao cha kuwaomba wageni wasilishe kimewekwa. Kinasomwa na wachache.

## Kilichofanya kazi na kisichofanya

Dawa haikufanya kazi, na zaidi ya hapo iliua bakteria wa filta. Pezi lililochanika kwa mkato, kwa samaki mmoja au wawili tu huku mmoja akiwa hana hata alama, ni meno. Ugonjwa hauchagui namna hiyo. Tafuta asiye na kovu, ndiye.

Kumtoa mgomvi peke yake hakukufanya kazi, na kwa uzoefu wangu hakufanyi kazi kwenye matangi mengi ya mbuna, kwa sababu nafasi yake haiondoki naye. Kuna wenzangu wa kazi hii wasiokubali. Wanasema ukimtenga wiki mbili na kumrudisha wa mwisho, anarudi akiwa mnyonge. Nimeiona ikifaa pale ambapo waliobaki ni wa aina tulivu. Hapa aliyebaki alikuwa ndugu yake.

Kurekebisha joto kulizidisha ugomvi kwa muda, na hata hivyo ndiyo hatua ambayo nisingeiacha. Ukipanga mawe na kuchagua samaki wakati maji yana nyuzi 20, umepanga kwa tabia ambayo si yao. Mpangilio unaoonekana mzuri Julai utavunjika Oktoba joto likirudi. Kwa ukanda huu, kuanzia Mbeya hadi Iringa na Njombe, ningesema mtu akiona tangi limetulia ghafla majira ya baridi aanze na kipimajoto, kisha ndiyo ashukuru.

Kati ya mambo matatu ya siku ile, siwezi kutenganisha lipi lilisaidia kiasi gani, maana tuliyafanya pamoja. Nikilazimishwa kuchagua, nitasema kuvunja mstari wa macho kulifanya zaidi kuliko kuongeza samaki, na kuwaondoa auratus kulifanya zaidi kuliko yote mawili. Ndilo pia ambalo lingewezekana tangu mwanzo bila senti, kama aliyeuza tangi angemwambia mama aliowanunua ni samaki gani. Njano yenye mistari ya utotoni huuza vizuri. Muuzaji hatoi picha ya dume aliyekomaa.

Ya kukatika umeme yanabaki. Pampu ya betri inashughulikia hewa, lakini joto linapotea. Kijana ameelekezwa kufunika tangi kwa blanketi pande zote isipokuwa juu, kutolisha hadi maji yarudi nyuzi 23, na kutomwaga maji ya moto ndani ili kuharakisha. Kwa lita 240 zilizofunikwa, kukosa umeme kwa muda wa saa nne au tano si hatari. Usiku mzima wa Julai ni hatari bado, na mama anapiga hesabu ya kuunganisha hita moja kwenye jenereta ya jokofu.

Jambo la mwisho limezuka baada ya ugomvi kwisha. Jike mmoja wa njano alibeba mayai, na kijana ameokoa vifaranga sita kwenye kikapu cha matundu. Vinne vina rangi ya njano iliyochafuka, yenye vivuli vya buluu. Dume wa buluu na jike wa njano huzaliana wakiwa tangi moja, na machotara wake wakikua huwezi kuwatofautisha kwa urahisi na samaki halisi. Ameshapata mteja. Nimemwambia awauze kama machotara au awabakize humohumo, na dume wa buluu tutamtafutia majike wa aina yake au tangi jingine kabla ya mvua.